Kuchuja si kuchunga wala kutakasa

Neno la Kiingereza 'filter' huwatatiza watafsiri wengi. Wapo wanaolitafsiri kuwa 'safisha', wengine 'chekecha', na fundi wa gereji yeye husema tu 'filta'. Je, Kiswahili kimepungukiwa? La hasha!

Kitenzi mwafaka ni 'chuja', yaani kupitisha kitu cha majimaji katika kitambaa au chombo chenye matundu madogo ili kuzuia kisichohitajika. Chai huchujwa, majani yakabaki kwenye chujio. Tui la nazi huchujwa, machicha yakabaki. Figo nazo huchuja damu.

Unga ni mkavu, hivyo hauchujwi bali huchungwa au huchekechwa kwa chekeche. Mchele nao hupepetwa kwa ungo, upepo ukapeperusha makapi. Kila tendo lina neno lake.

Kutokana na 'chuja' tumepata 'mchujo'. Ndiyo maana twasema kura za mchujo, ambapo chama huteua mgombea mmoja miongoni mwa wengi.

Kosa la hatari ni kuandika 'maji safi' pale Kiingereza kinapotaja tu maji yaliyopitishwa katika kitambaa. Kitambaa huzuia takataka, lakini bakteria wengi hupenya. Maji hayo yamechujwa, hayajatakaswa. Bado yafaa kuchemshwa. Kwa hivyo, anayetafsiri maagizo ya afya akumbuke kwamba kuna mtu atakayeyanywa maji hayo kwa kuliamini neno lake.