Safari ya Nyanda za Juu wakati wa kipupwe: matayarisho ya dereva, gari na ibada

 

Kila ifikapo Juni na Julai, familia nyingi za Unguja na Pemba huvuka kwenda Bara. Wapo wanaokwenda kuwaona watoto walioko vyuoni Iringa na Mbeya, wapo wanaoalikwa harusi, na wapo wanaokwenda kuunga udugu. Wengi hushuka kwenye boti Dar es Salaam, wakachukua gari la jamaa au la kukodi, wakashika barabara ya Morogoro. Maswali yanayotufikia kuhusu safari hii huwa zaidi ni ya sala. Tutayajibu, lakini tutatanguliza jambo ambalo wengi hawaliulizi, nalo ni kuzilinda roho zilizomo ndani ya gari.

Visiga si mahali pa kupita tu

Visiga iko kandokando ya barabara hiyo, kati ya Kibaha mjini na Mlandizi. Hali ya hewa yake haitofautiani sana na ya kwetu visiwani. Mtu akiwa pale hahisi kwamba anakwenda kwenye baridi. Lakini Iringa, iliyo zaidi ya kilomita 400 mbele, ipo juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,600. Njombe iko juu zaidi, na huko Makete na uwanda wa Kitulo asubuhi za Juni na Julai huweza kukuta umande umeganda juu ya majani.

Ndiyo maana tunawashauri wenye jamaa Visiga, Kibaha au Mlandizi walale huko usiku wa kwanza. Foleni ya Dar es Salaam itakuwa nyuma yao, dereva atapumzika, na gari litakaguliwa kwa utulivu. Nguo nzito zitolewe hapo hapo zisibaki chini ya mabegi: masweta, soksi, kofia za watoto na mablangeti. Mtoto wa pwani akipigwa na baridi ya alfajiri Makambako huku sweta lake limefungiwa kwenye buti, aliyezembea ni mzazi.

Dereva kwanza

Ada iliyoenea ni kushuka kwenye boti jioni na kuondoka usiku huo huo “ili tufike mapema”. Dereva ameamka tangu alfajiri, amebeba mizigo, na sasa anatakiwa aendeshe mpaka kuche. Hili hatuliungi mkono.

Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimuamrisha mwenye kusinzia ndani ya sala alale mpaka usingizi umtoke. Ikiwa aliye mbele ya Mola wake ameambiwa apumzike, vipi kuhusu aliyeshika usukani na nyuma yake wamelala watoto?

Wako wanaosema, “Tumetawakali.” Tawakkul haiondoi sababu. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mwenye ngamia aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Na Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Ndugu zetu waelewe pia kwamba jambo hili lina hukumu nzito. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwaka 1993, liliamua kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa katika hali maalumu kama vile tukio lisiloweza kuzuilika. Aliyeua kwa makosa ana diya, na ana kafara iliyotajwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 92. Kwa zama zetu zisizo na watumwa, kafara hiyo ni kufunga miezi 2 mfululizo. Mwenye kuendesha huku anajua kwamba macho yanamfumba asije akasema baadaye kuwa ni kadari tu.

Kwa hiyo ondokeni Visiga baada ya sala ya Alfajiri. Mkiwa na madereva wawili, wapokezane. Na mchagueni amiri wa safari kama ilivyo sunna, naye akisema “tusimame”, asibishiwe.

Gari na barabara

Mambo haya yakaguliwe Visiga, ambako fundi na vipuri havipo mbali:

Mipira ya gari. Upepo wa mpira hupungua joto linaposhuka, basi upimwe mpira ukiwa baridi, na mpira wa akiba usisahauliwe. Betri kongwe inayowasha gari vizuri Unguja inaweza kugoma asubuhi ya Njombe. Rejeta itiwe maji yake maalumu ya kupozea injini, si maji ya bomba. Waipa na taa zote zifanye kazi, na jeki na pembetatu za tahadhari ziwemo garini.

Mbele ya Chalinze na Morogoro mtakatisha Hifadhi ya Mikumi, ambamo wanyama huvuka barabara. Pitieni mchana na kwa mwendo mdogo. Kisha utakuja mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yanayopanda polepole. Msipite gari jengine kwenye kona, hata mkichoka kufuata lori. Wakati wa kurudi, mteremko ushukwe kwa gia ndogo, kwani breki zinazokanyagwa mfululizo hushika moto na kuacha kushika.

Ukungu ukitanda, washeni taa za chini. Taa kamili hurudishwa na ukungu na kumpofusha dereva mwenyewe. Kioo kikifanya mvuke kwa ndani, elekezeni upepo wa gari kwenye kioo. Msipoona mbele, tokeni kabisa barabarani. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wasafiri wanaopumzika usiku waepuke njia yenyewe. Hekima hiyo inatosha kwa anayetaka kuegesha gari pembezoni mwa lami.

Sala ya msafiri

Safari hii inazidi masafa ya kupunguza sala, ambayo kwa madhehebu ya Shafii ni zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa 2 tangu mnapouacha mji wenu. Maghribi na Alfajiri hazipunguzwi. Inajuzu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Maghribi na Isha.

Mkilala Visiga usiku mmoja au miwili, bado nyinyi ni wasafiri. Mkinuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, mtasali kamili. Na jamaa anayeishi Visiga akija Dar es Salaam kukupokeeni tu, yeye hapunguzi, kwani masafa yake hayatimii. Ndugu zetu wa madhehebu ya Ibadhi wafuate maelezo ya mashekhe wao katika mas-ala haya.

Tahadharini na ratiba ya sala ya Unguja. Kila mnapokwenda magharibi kwa nyuzi 1, jua huchelewa dakika 4. Adhuhuri ya Iringa huingia robo saa hivi baada ya ile ya Unguja, na ya Njombe huchelewa zaidi. Anayesali kwa saa ya Unguja huenda akasali kabla ya wakati, na sala hiyo haisihi. Kibla huko ni kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Sala ya faradhi isaliwe chini, kwa kusimama, wala si kwenye kiti cha gari ilhali mnaweza kusimama njiani.

Udhu kwenye maji baridi

Wengine wakiona maji ya asubuhi ya Mafinga hukimbilia tayammamu. Hapana. Maji yakiweza kupashwa moto, yapashwe. Ombeni ndoo ya maji ya moto mnapolala, na chukueni chupa ya kuhifadhia maji ya moto garini.

Ikiwa hakuna njia ya kuyapasha na kuna khofu ya kweli ya madhara, hapo tayammamu inaruhusika. Sahaba Amr bin al-As (R.A.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali katika vita vya Dhatu Salasil, akatayammamu na kuwasalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka na hakumlaumu, kama alivyopokea Abu Daud. Kwa Mashafii, aliyetayammamu kwa sababu ya baridi atairudia sala yake baadaye. Wanazuoni wengine hawakumlazimisha kurudia.

Kupangusa juu ya khuffu, yaani viatu vinavyofunika mguu mpaka juu ya vifundo, kunaruhusiwa kwa msafiri siku 3 na usiku wake, iwapo vimevaliwa baada ya udhu kamili. Soksi nyepesi za kawaida hazitoshi.

Moto usilale nanyi

La mwisho ni zito. Msiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, na msilale ndani ya gari lililofungwa huku injini inaunguruma. Hewa inayotoka humo ina sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Sisi watu wa pwani hatukuzoea kufunga madirisha na kuota moto ndani, kwa hiyo hatuijui hatari hii. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutukataza kuacha moto majumbani tunapolala. Ongezeni blangeti, na jiko libaki nje.

Mkishajiandaa hivi, someni dua ya safari, waageni wazee kwa wema, lipeni madeni au yaandikeni, kisha mtegemeeni Mwenyezi Mungu. Tunamuomba awafikishe salama na awarejeshe salama. Amin.

Wallahu aalam.