Mtoto Wako Anafuata Hatua Zake?

Mama anapokwenda kliniki, mara nyingi mawazo yake huwa kwenye mambo mawili: kilo na sindano. Mtoto hupimwa, huchanjwa, nukta huwekwa kwenye kadi, na mama hurudi nyumbani akiwa na furaha. Hilo ni jema. Lakini kukua kwa mtoto si uzito peke yake. Mtoto anaweza kuwa mnene na wa kupendeza, kumbe masikio yake hayasikii, au mkono wake mmoja hauna nguvu. Kwa hiyo mwezi huu tutazame hatua za ukuaji tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu.

Miezi ya mwanzo

Mtoto mchanga huijua sauti ya mama yake tangu siku za kwanza. Anapofikisha wiki sita hadi miezi miwili, huanza kujibu tabasamu kwa tabasamu. Hutazama uso wa anayemnyonyesha na kuufuata kwa macho. Kati ya miezi mitatu na minne shingo hukaza, na akilazwa kifudifudi huinua kichwa. Baadaye hunyoosha mkono kushika kitu na kukipeleka mdomoni.

Kukaa, kutambaa na kutembea

Hapa ndipo majirani huanza kulinganisha watoto. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu wote walianza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Tazameni jinsi nafasi hiyo ilivyo pana! Tena, watoto kama wanne katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti, na bado walitembea. Basi mtoto wa jirani akitembea na miezi kumi na wako akingoja hadi kumi na minne, hakuna aliyerogwa.

Mazoezi nayo husaidia. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alieleza habari za watoto wa Wakipsigis wa Kenya, ambao hukaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa takribani mwezi mmoja, kwa sababu mama zao huwafundisha kukaa na kupiga hatua. Mkalishe mtoto kwenye mkeka, umwekee khanga iliyoviringishwa nyuma yake, umpe nafasi ya kujaribu. Kigari cha kutembelea cha dukani hakiharakishi kutembea. Kinachoongeza ni ajali.

Kusema huanza na kusikia

Kati ya miezi sita na tisa mtoto husema “ba-ba-ba” na “ma-ma-ma”. Akikaribia mwaka mmoja hugeuka akiitwa jina, hupunga mkono wa kwaheri, na hutamka neno lake la kwanza. Akiwa na miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama vile “mama njoo” au “nataka maji”. Akiwa na miaka mitatu hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya maneno yake.

Mtoto asiyesema, kitu cha kwanza cha kuchunguza ni masikio yake. Wapo wanaoitwa wakaidi na kuchapwa, kumbe hawasikii. Wengine hupelekwa kukatwa kimeo ili waseme. Kukata kimeo hakuleti maneno. Huleta damu nyingi na maambukizi. Unaweza kusimama nyuma ya mtoto pasipo kumgusa, ukamwita. Kama hageuki, mpeleke hospitali apimwe. Hata akigeuka lakini hasemi, mpeleke vilevile.

Usingoje ukiona haya

1. Miezi mitatu: hafuati kitu kwa macho, hatabasamu, au hashtuki kwa kelele kubwa.
2. Miezi tisa: hawezi kukaa bila kushikwa.
3. Kabla ya mwaka mmoja: anatumia mkono mmoja tu, na mwingine ameukunja ngumi.
4. Mwaka mmoja na nusu: hatembei, au hana hata neno moja.
5. Miaka miwili: haunganishi maneno mawili.
6. Umri wowote: amepoteza alichokwisha kukiweza, amelegea mno au amekakamaa, au kichwa kinakua haraka kupita kawaida.

Aliyezaliwa njiti ahesabiwe kwa siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Kama aliwahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi minane mtazame kama wa miezi sita. Hesabu hiyo itumike hadi miaka miwili.

Wazazi, msimfiche mtoto

Yapo maradhi yanayoweza kuumiza ubongo: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, malaria kali. Si laana, wala si kosa la mama. Baba anayemkimbia mkewe kwa sababu ya mtoto wa namna hii anawaacha wawili wakati wanapomhitaji zaidi.

Lakini muda una thamani. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta, na ni rahisi zaidi ukianza katika wiki za mwanzo. Maji ya kichwani hupunguzwa kwa upasuaji kabla hayajaharibu ubongo. Mwenye mtindio wa ubongo hufaidika na mazoezi ya viungo, na kiziwi hujifunza lugha ya alama akiwa bado mdogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anzeni kwenye zahanati au kliniki yenu, semeni waziwazi mlichokiona, na mkiambiwa “atakua tu” huku dalili zinabaki, ombeni barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Nyumbani, dawa haina gharama. Ongea na mtoto unapomwogesha, mwimbie, mtajie majina ya vitu unapopika. Gunzi la hindi na kifuniko cha sufuria ni vitu vya kutosha vya kuchezea. Simu na televisheni haviwezi kumjibu, wewe unaweza.

Safari ijayo ya kliniki, baada ya kupima kilo, muulize muuguzi: “Na hatua zake je?”