Mzigo, Posho na Motokari: Lugha ya Ugavi na Uhasama wa Makamanda katika Vita vya Fizi, 1965

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huyatafuta maneno katika mashairi na hadithi. Ni nadra ayatafute katika ghala la risasi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno matatu ya kawaida, yaani mzigo, posho na motokari, yanatusaidia kuelewa kwa nini uasi wa Simba ulishindwa mwaka 1965 katika milima ya Fizi, kusini mwa mji wetu wa Bukavu. Hoja yetu ni kwamba silaha zilikuwapo. Kilichokosekana ni kuaminiana kati ya walioshika bandari na walioshika mstari wa mbele.

2. Njia ya mzigo

Waasi waliposhindwa Bukavu mnamo Agosti 1964, mbele ya askari wa Kanali Léonard Mulamba, na kisha kupoteza Stanleyville (Kisangani ya leo) mwezi wa Novemba, eneo la Fizi na Baraka lilibaki kuwa ngome yao muhimu. Uhai wake ulitegemea Ziwa Tanganyika. Silaha zilizotoka China na Umoja wa Kisovieti zilipitia Tanzania hadi Kigoma, kisha zikavushwa kwa mashua hadi Kibamba, ng'ambo ya Kongo. Safari ilifanywa usiku, kwa kuchelea boti na ndege za serikali.

Njia hiyo ndiyo aliyoipita Ernesto Che Guevara mnamo tarehe 24 Aprili 1965. Yeye na wenzake wa kwanza kutoka Kuba walijificha nyuma ya tarakimu za Kiswahili: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba ufukweni chakula, dawa na silaha vilirundikwa pamoja pasipo mpangilio. Kutoka hapo kila kitu kilipaswa kupandishwa mlimani kwa miguu.

3. Motokari na mpagazi

Wapiganaji wengi walikataa kubeba. Walijibu kwamba wao si motokari, na walilisema hilo kwa Kiswahili cha huku, kinachoweka hapana mahali pa si. Mgeni aliona uvivu. Sisi tunaojua historia ya neno mzigo tunaona jambo jingine pia.

Katika misafara ya karne ya 19, mtu aliyebeba aliitwa mpagazi, na malipo yake ya kila siku ya chakula yaliitwa posho. Baadaye utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha raia kubeba mizigo ya jeshi, hasa katika vita vilivyofika Tabora mwaka 1916. Hivyo, kwa vizazi kadhaa, bunduki ilikuwa alama ya anayeamuru, na mzigo ulikuwa alama ya anayeamriwa. Aliyepewa bunduki mwaka 1965 hakutaka kurudi chini ya mzigo. Matokeo yake ni kwamba mzigo ulirudi tena juu ya vichwa vya wakulima, na posho ikatoka katika mashamba yao.

4. Bandari na mstari wa mbele

Ugomvi wa mzigo haukuwa wa askari wa kawaida peke yao. Leonard Mitoudidi, mkuu wa majeshi aliyeanza kuleta utaratibu Kibamba, alizama ziwani mwezi wa Juni 1965. Mahali pake palishikwa na Ildefonse Massengo. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa eneo hilo, alikuwa nje kwa muda mrefu. Alifika Julai, akaondoka baada ya siku chache.

Kule Fizi, Jenerali Moulana na watu wake walilalamika kwamba Kibamba inawanyima silaha na msaada. Zaidi ya hayo, Kabila na Massengo walitoka Katanga, nao wenyeji waliwahesabu kuwa wageni. Kwa namna hiyo sanduku la risasi liligeuka kuwa kura: kulipeleka kwa kamanda fulani ni kumwongezea nguvu, na kulichelewesha ni kumdhoofisha. Huko Cairo nako viongozi wa juu, Gbenye na Soumialot, waligombana waziwazi.

Serikali haikungoja wapatane. Mwishoni mwa Septemba mamluki walitua Baraka kwa njia ya ziwa, Fizi ikafuata. Tanzania nayo ilipotaka msaada wa Kuba ukome, njia ya Kigoma ilipoteza maana yake. Wakuba waliondoka usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965. Wakulima waliobeba mizigo hawakuwa na mashua ya kuwavusha wote.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba neno moja la dharau, motokari, lilibeba kumbukumbu ya utumwa wa njiani ambayo hakuna kamanda aliyejaribu kuitibu. Kamusi zetu zinatuambia mzigo ni kitu kinachobebwa. Hazituambii ni nani hubebeshwa. Wazee wa Fizi na Baraka wanaoyajua maneno haya wanazidi kupungua. Inafaa wanafunzi wetu wawaendee na kuyaandika, pamoja na majina ya njia na ya watu waliozipita wakiwa na mzigo kichwani.