Kangaga Katika Bustani Yenye Kivuli

Penye kivuli kizito, ambapo maua hayasitawi, mkaaji wa Keroka aweza kupanda kangaga, maana huko mvua si haba, na aina nyingi hubaki mbichi mwaka mzima. Changanya udongo na majani yaliyooza. Usilifukie chipukizi la katikati, lisije likaoza. Kisha tandaza majani makavu ili kuhifadhi unyevu.

Ukiona madoa ya kahawia yaliyojipanga nyuma ya jani, usidhani ni ugonjwa ukalikata. Kangaga haina maua wala mbegu. Madoa hayo ndiyo hutoa vumbi la uzazi. Lakini ile kangaga ngumu iotayo yenyewe katika mashamba yaliyoachwa isipandwe karibu na malisho, kwani ni sumu kwa ng'ombe.