Picha za Matiti Baada ya Tiba: Tunza za Zamani ili Mpya Zisomeke

Mwanamke mwenye saratani ya titi ya hatua za awali, aliyeondolewa uvimbe na kubakiziwa titi, ana uwezekano wa kuishi sawa na aliyeondolewa titi lote. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na daktari Bernard Fisher, uliochapishwa mwaka 2002, ulithibitisha hilo baada ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 20. Hata hivyo, takriban 14 kati ya kila 100 waliopata upasuaji huo pamoja na tiba ya mionzi walirudiwa na saratani katika titi lilelile. Kwa waliofanyiwa upasuaji bila mionzi, idadi ilifikia 39. Kwa sababu hiyo, titi lililohifadhiwa huhitaji kuchunguzwa kwa miaka mingi.

Kwa nini picha moja haitoshi?

Upasuaji huacha kovu, na mionzi huvimbisha tishu na kuifanya ngozi kuwa nene. Katika picha ya eksirei ya titi, yaani mamografia, kovu laweza kufanana na uvimbe. Kinachovitofautisha ni mwenendo: kovu hutulia au husinyaa kadiri muda unavyopita, ilhali saratani huendelea kukua. Mwenendo huo hauonekani katika picha moja. Huonekana picha ya leo inapolinganishwa na zilizotangulia.

Lini upigwe picha?

Kwa kawaida, picha ya kwanza hupigwa kati ya miezi 6 na 12 baada ya kumaliza mionzi, kisha mara moja kila mwaka, kwa matiti yote mawili. Picha ikitia shaka, daktari huagiza altrasaundi au kuchukua kipande kidogo cha tishu ili kipimwe maabara.

Tunza kumbukumbu zako

Mkazi wa Mwadui huenda alitibiwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kisha akafuatiliwa kwingine. Picha zikibaki hospitali ya kwanza, msomaji wa picha mpya hukosa cha kulinganishia, nawe waweza kufanyiwa vipimo ambavyo havikuhitajika. Kwa hiyo:

• Omba nakala ya picha zenyewe, si ripoti pekee.
• Hifadhi pamoja nazo ripoti ya upasuaji na tarehe ya kumaliza mionzi.
• Zibebe zote kila unapokwenda kupimwa.
• Siku ya kipimo, usipake poda wala kiondoa harufu kwapani. Huweza kuonekana katika picha kama chembe za chokaa.
• Mweleze mtoa huduma iwapo una ujauzito.

Je, mionzi ya kipimo ni hatari?

Kipimo cha matiti yote mawili hutoa takriban milisivati 0.4, kiasi ambacho binadamu hupokea kutoka katika mazingira kwa wiki saba hadi nane. Kubanwa kwa titi huleta maumivu ya muda mfupi, lakini hakusambazi saratani. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, matumizi ya mashine za mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Una haki ya kuuliza iwapo mashine ina leseni.

Usisubiri mwaka uishe

Ukihisi uvimbe mpya, ukiona ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda hospitali mara moja, hata kama picha ya mwisho ilikuwa safi.