Joshi na Demani: Istilahi za Mizani ya Mashua ya Tanga

Mfasiri aandikaye juu ya mashua za tanga hukutana mapema na jambo lisilo na jina moja lililokubaliwa: tabia ya chombo kugeuza omo kuelekea upepo, au kuukimbia, bila ya nahodha kutaka. Jambo hili si la vitabuni tu. Hulikabili mashua itokayo Ukerewe na mihogo kuelekea Mwanza, pepo za mchana za ziwani zinapoongezeka nguvu.

Chanzo chake ni nukta mbili. Ya kwanza ni pale ambapo nguvu yote ya upepo katika tanga huhesabiwa kuwa imekutana: kitovu cha nguvu ya tanga. Ya pili ni pale ambapo maji, yakiusukuma mkuku na ubavu, huzuia chombo kisiende upande: kitovu cha ukinzani wa ubavu. Nukta ya kwanza ikiwa nyuma ya ya pili, omo huelekea joshi, yaani upande upepo utokako. Ikiwa mbele, omo huangukia demani, yaani upande upepo uendako. Tabia hizo twapendekeza ziitwe mvuto wa joshi na mvuto wa demani.

Mvuto mdogo wa joshi ni salama: mkono ukiponyoka kwenye kana, chombo hukabili upepo, tanga hupigapiga na mwendo hupungua. Ukizidi, usukani uliopinda huzuia mwendo kama breki. Hapo nahodha hulegeza kamba ya tanga, hupunguza tanga lenyewe, au huhamishia magunia tezini ili sehemu ya nyuma izame zaidi.

Yafaa kuepuka kuandika “kulia” na “kushoto” mahali pa joshi na demani. Chombo kikipindua, joshi iliyokuwa kulia huwa kushoto; agizo la “vuta kana kushoto” lililookoa chombo awali laweza kukipoteza baadaye.

Kadhalika, demani ni jina la kamba ya tanga na la majira pia. Hivyo basi iandikwe kwa ukamilifu: upande wa demani, kamba ya demani, majira ya demani. Na kwa kuwa maneno haya ni ya mabaharia wa pwani, mwalimu wa kandokando ya ziwa ayaeleze kwanza kwa upepo wenyewe, ndipo ayatumie.