Imepatikana au Imewahi Kupatikana? Kueleza Maktaba za Msimbo wa GPS kwa Kiswahili

Ikisiri

Wapenzi wa elektroniki wanaounda vifaa vya kufuatilia mahali hutegemea maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine. Makala haya yanaonyesha kwamba baadhi ya makosa ya hatari katika vifaa hivyo hayasababishwi na ukosefu wa istilahi. Yanasababishwa na masharti ya matumizi kutoeleweka. Inapendekezwa kwamba kazi ya kukuza Kiswahili cha teknolojia ivuke orodha za nomino na kuingia katika maelezo yenye vitenzi.

Utangulizi

Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea kaskazini mwa Italia, ulianzishwa mradi wa Arduino. Ulikuwa mradi wa bodi ndogo ya maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyofungwa ndani ya chipu moja, ambayo mtu asiye mhandisi angeweza kuipangia kazi. Mradi huo ulijengwa juu ya kazi ya Hernando Barragán, aliyetoka Kolombia na kusomea mjini humo. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Waitaliano, Mhispania na Wamarekani, na amri za bodi hiyo zikaandikwa kwa Kiingereza. Uamuzi huo ulieleweka, nao umekwisha kupita. Sioni faida ya kuupigania leo.

Mpenzi wa elektroniki aliyeko Kampala akitaka kujua bodaboda yake iko wapi, huunganisha bodi hiyo na kipokezi cha GPS, kwa mfano NEO-6M ya kampuni ya Uswisi u-blox. Hana haja ya kuandika msimbo wa kufasiri kila herufi inayotoka katika kipokezi, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kufanywa. Huchukua maktaba iliyo tayari, na mojawapo ya zinazotumiwa sana ni TinyGPS++ ya Mikal Hart, inayotolewa bure kwa leseni ya LGPL. Neno “maktaba” lenyewe linatuchorea rafu, mkutubi na tarehe ya kurudisha kitabu, ilhali hapa hakuna kinachorudishwa: kila mtu hubeba nakala nzima na ya mwenyewe haipungui. Wanaistilahi wanaweza kulilalamikia, lakini neno limekwisha kuzoeleka na tatizo haliko hapo.

Sentensi na msemaji wake

Kwa mwanaisimu, kipokezi cha GPS kina mvuto wa pekee, kwa sababu kanuni ya mawasiliano kinayoifuata, iitwayo NMEA 0183, huita kila mstari “sentensi”. Sentensi huanza kwa alama ya dola. Herufi mbili zinazofuata humtaja “msemaji”: GP kwa mfumo wa Marekani peke yake, GN pale setilaiti za mifumo kadhaa zinapotumika pamoja. Kisha huja aina ya sentensi na vijisehemu vilivyotengwa kwa mikato, na mwishoni nambari ya ukaguzi inayoonyesha kama kuna herufi iliyoharibika njiani. Mwanzo wa sentensi iliyotumwa kutoka Kampala unaweza kuwa hivi:

$GPRMC,041500.00,A,0018.8000,N,03234.9000,E

Kijisehemu cha kwanza baada ya jina ni saa, nayo ni saa ya dunia (UTC). Mtu wa Kampala huongeza tatu ili apate saa ya simu yake, yaani 7:15. Akitaka saa anayoitamka kwa Kiswahili, hupunguza tatu na kupata saa moja na robo asubuhi. Herufi A humaanisha kwamba kipimo kinaaminika. Kisipoaminika huandikwa V.

Mtego wa kwanza uko katika 0018.8000. Anayekutana na tarakimu hizi mara ya kwanza huelekea kuweka nukta baada ya tarakimu mbili za nyuzi na kusoma 0.188. Kumbe sentensi inasema nyuzi 0 na dakika 18.8, na kila uzi una dakika 60. Kwa hiyo latitudo halisi ni 0.3133. Kosa hilohilo likifanywa kwenye longitudo, 32.5817 hugeuka 32.349. Matokeo yake, pikipiki iliyoegeshwa Kampala huonekana umbali wa karibu kilomita 29 kusini-magharibi, kuelekea Mpigi. Neno “dakika” halimsaidii msomaji, kwa sababu limetoka kusomwa katika saa vijisehemu viwili tu nyuma. Herufi ya N au S nayo si pambo katika nchi inayokatwa na ikweta. Mji wa Masaka uko takriban nyuzi 0.34 kusini, herufi S ikipuuzwa, utaonekana karibu kilomita 75 kaskazini mwa mahali ulipo.

Makosa haya yote maktaba huyaondoa. Hugawa dakika kwa 60, huweka alama ya kutoa kwa kusini, na huikataa sentensi ambayo nambari yake ya ukaguzi hailingani. Hiyo ndiyo faida ya kushirikiana msimbo: mtu mmoja alijikwaa kwa niaba ya wengine. Hata hivyo, yapo mambo ambayo msimbo hauwezi kuyaamua peke yake, nayo humwachia mtumiaji katika umbo la maelezo.

Neno “sahihi” halitoshi

TinyGPS++ ina amri iitwayo isValid, inayojibu ndiyo au hapana kuhusu mahali. Mfasiri wa haraka ataiandika “ni sahihi”. Kamusi haitamlaumu, lakini kifaa kitamuumbua. Amri hiyo huuliza tu kama maktaba imewahi kupata kipimo kinachokubalika tangu kifaa kiwashwe. Ikishajibu ndiyo, huendelea kujibu ndiyo. Pikipiki ikiingizwa katika maegesho ya chini ya ardhi, ambako mawimbi ya setilaiti hayafiki, maktaba hutoa mahali pa mwisho palipojulikana, na isValid haibadilishi jibu. Mwizi anaweza kuwa ameshauvuka mji mzima huku ramani ikionyesha geti la maegesho.

Kiswahili kinayo njia ya kulitenganisha jambo hili bila kuunda neno jipya. “Mahali pamepatikana” humfanya msikilizaji aelewe kwamba matokeo ya kupatikana yapo hadi sasa: tunapajua. “Mahali pamewahi kupatikana” hudai tu kwamba tukio lilitokea angalau mara moja, bila kuahidi hali ya sasa. Hii ni tofauti ambayo mtoto wa shule ya msingi anaisikia. Kitenzi saidizi -wahi kinabeba sharti ambalo kivumishi cha Kiingereza kimelificha, na katika hali hii maelezo ya Kiswahili yanaweza kuwa wazi kuliko jina la asili la amri.

Amri ya pili, isUpdated, ina ujanja wake. Maelezo ya maktaba yanafafanua kwamba inahusu taarifa iliyoletwa upya tangu iliposomwa mara ya mwisho, hata kama thamani yenyewe haikubadilika. “Imebadilika” ni tafsiri yenye kosa: pikipiki iliyosimama huletewa taarifa mpya kila sekunde, na taarifa hiyo inaweza kuwa ileile. “Imehuishwa” inakaribia, ila haisemi tangu lini, na hilo “tangu” ndilo kiini. Ikumbukwe pia kwamba kitendo cha kusoma chenyewe hugeuza jibu kuwa hapana. Amri ya tatu, age, hutoa idadi ya milisekunde tangu taarifa ya mwisho kupokewa, na ndiyo inayoweza kuokoa pikipiki iliyomo katika maegesho: programu ikikuta umri umezidi, tuseme, sekunde kumi, itangaze kwamba haijui chombo kiko wapi.

Kuna hali moja inayoihusu kanda yetu kwa namna ya pekee. Kabla ya kipimo cha kwanza kupatikana, maktaba ikiulizwa mahali hutoa sifuri kwa latitudo na sifuri kwa longitudo, mahali palipo baharini katika Ghuba ya Guinea. Mtu wa Helsinki akiona latitudo ya sifuri hushtuka papo hapo. Mtu wa Kampala, ambaye latitudo yake ya kila siku huanza kwa sifuri, anaweza kuitazama mara tatu asishtuke, hasa ikiwa programu yake inachapisha tarakimu mbili tu baada ya nukta.

Kinachopaswa kugharimiwa

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina jukumu la kukiendeleza katika nchi wanachama. Washauri wa sera wanapoulizwa Kiswahili kifanye nini katika teknolojia, jibu la kawaida huwa ni orodha ya istilahi. Orodha zina kazi yake. Lakini hakuna orodha ya nomino ambayo ingemzuia mtu kuifasiri isValid vibaya, kwa sababu kosa halimo katika nomino.

Huenda ikahojiwa kwamba anayejua kuunganisha kipokezi na bodi anajua pia Kiingereza. Kwa baadhi ya watu wa Kampala na Nairobi hoja hiyo ina uzito. Bujumbura na Bukavu, ambako wengi wamesomeshwa kwa Kifaransa, ina uzito mdogo sana, na Kiswahili ndiyo lugha wanayoweza kushirikiana na jirani zao. Tofauti kati ya Kiswahili cha Kongo na kile sanifu zipo, lakini si kubwa kiasi cha kuzuia sentensi tatu kueleweka.

Sipendekezi majina ya amri yabadilishwe. Maktaba yenye amri za Kiswahili ingejitenga na maelfu ya programu zinazotumia majina yaliyopo, na kila sahihisho la mwandishi wa asili lingehitaji kufasiriwa upya. Kinachowezekana, na ambacho leseni inakiruhusu, ni kuongeza maelezo ya Kiswahili juu ya amri hizo ndani ya faili lenyewe. Kwa amri tatu zilizojadiliwa, maelezo yangeweza kusomeka hivi:

isValid: Je, mahali pamewahi kupatikana tangu kifaa kiwashwe? Jibu la ndiyo halimaanishi kwamba panapatikana sasa.

isUpdated: Je, kipokezi kimeleta taarifa tangu ulipoisoma mara ya mwisho? Taarifa hiyo inaweza kuwa ileile.

age: Zimepita milisekunde ngapi tangu taarifa ya mwisho ipokewe?

Wako watakaosema kwamba sentensi za namna hii ni ndefu mno kwa Arduino Uno, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Wasiwasi huo hauna msingi. Maelezo huondolewa wakati msimbo unapogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Hubaki katika faili, mbele ya macho ya anayelisoma, wala hayachukui hata baiti moja ya chipu.